Nyanya Zangu na Waya Wenu: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PRINTA YA MASJALA

Jina la ofisi yako nimeliacha kwa makusudi. Wewe utajijua, na walio chini yako watajijua. Malalamiko yangu ya mwanzo niliyatumbukiza kwenye sanduku la maoni pale mlangoni, lile ambalo kufuli yake imeshika kutu, kwa hiyo haya nimeona niyapitishe gazetini.

Kibali ninachokizungumzia unakijua, maana kinatoka kwa jina la ofisi yako. Unajua kwamba bila karatasi ile yenye namba ya mfululizo, gari la mazao halivuki mpaka. Unajua pia kwamba karatasi hizo hukaa kabatini kwenu, hivyo mtu hawezi kwenda kujichapishia steshenari. Hayo sitakueleza. Nitakueleza usilolijua, au unalolijua ukalinyamazia: nyanya zangu zimeozea nje ya geti lako, na zimeoza kwa sababu printa ya masjala imefungwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja.

Maombi yangu yalikuwa yamepita. Ada nililipa kwa simu nikiwa bado shambani Ngarenanyuki, na fedha zikafika papo hapo. Upande wa kupokea fedha sijawahi kusikia mtandao unasumbua. Mkaguzi alikagua mzigo, akaridhika, akaidhinisha. Kilichobaki kilikuwa ukurasa mmoja tu utoke kwenye mashine. Kijana wa masjala akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, na tena, foleni ya kazi ikarefuka kwenye skrini huku printa imewaka taa yake ya kijani na karatasi imejaa. Ndipo akanigeukia kwa adabu: “Mama, vuta subira kidogo. Afisa mwenye printa yuko semina.”

Afisa mwenye printa! Kumbe mali ya umma ina mwenyewe, na mwenyewe kasafiri.

Nikaufuata waya kwa macho. Ni waya wa USB. Unatoka nyuma ya printa, unapenya tundu lililotobolewa ukutani, unaingia chumba cha pili. Huko ndani kuna kompyuta ya afisa huyo, na kompyuta nyingine zote za ofisi huifikia printa kwa kupitia hiyo. Ikizimwa, printa haipo, hata kama imesimama mbele yenu mnaiona. Nayo ilikuwa imezimwa, mlango umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa afisa, na afisa yuko Dodoma.

Kabla ya kuingia kwenye nyanya nilikuwa na steshenari, kwa hiyo printa hazinitishi. Niliinama nikatazama nyuma ya hiyo yenu. Kando ya tundu la USB lipo tundu la waya wa mtandao, na bado limezibwa kwa kile kiplastiki cha kiwandani. Yaani mlinunua mashine iliyotengenezwa isimame yenyewe, ofisi nzima iitumie bila kumtegemea mtu, halafu mkaipeleka kuishi chini ya meza ya mmoja. Mwaka 1973, wahandisi wa Xerox huko Palo Alto, Marekani, walipoanza kubuni Ethaneti, moja ya haja zilizowasukuma ilikuwa hiyo hiyo: kompyuta nyingi ziweze kutumia printa moja ya leza. Nusu karne na ushei imepita. Kiplastiki chenu kipo palepale.

Wakati huo nyanya zilikuwa getini. Nilizivuna zikiwa zimeanza tu kuwa nyekundu, ziivie njiani, zifike Marikiti pale Nairobi zikiwa bado ngumu. Ni Tengeru 97, mbegu inayosifiwa kwa ngozi yake. Lakini ngozi gani itastahimili turubai na jua la mchana, gari limesimama, upepo haupiti? Mwanzoni zilivumilia. Kisha matenga ya chini yakaanza kutoa maji, maji yakachuruzika kwenye lami, nzi wakaja, na harufu ikaja nyuma ya nzi. Mlinzi wako akanifuata kuniambia nisogeze gari kwa kuwa linakera wateja. Nikamuuliza, wateja wapi? Wote tulikuwa kwenye foleni moja tukingoja karatasi kutoka kwenye printa ile ile.

Niliomba nikanunue waya mwingine wa USB, uchomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta ya masjala, tumalize. Wakakataa. Kompyuta ile haina draiva ya printa hiyo, na kuiweka kunahitaji neno la siri la msimamizi, analolijua afisa TEHAMA wa makao makuu peke yake. Hapa niwatendee haki. Mwaka 2021 liligundulika pengo kubwa la usalama kwenye huduma ya uchapishaji ya Windows, wataalamu wakaliita PrintNightmare, na tangu Agosti ya mwaka huo Microsoft ilizuia mtumiaji wa kawaida kujiwekea draiva ya printa bila msimamizi. Ni zuio la busara. Kijana wa masjala hana kosa lolote, na nitakasirika zaidi nikisikia barua hii imemletea taabu. Lakini afisa TEHAMA alipopigiwa simu alijibu kwamba utaratibu ni ofisi imwandikie barua. Sawa, Ndugu Mkurugenzi. Barua hiyo ingechapishwa na printa gani?

Hatimaye ufunguo uliletwa na basi, ndani ya bahasha. Chumba kikafunguliwa, kompyuta ikawashwa, ikaamua kwanza kujisasisha, nasi tukaketi kuzitazama asilimia zikipanda. Ilipomaliza, kompyuta ya masjala ikatoa kosa 0x0000011b. Kosa hilo limewasumbua watu wanaoshirikisha printa kwa mtindo huu wenu tangu masasisho ya Septemba 2021, kwa hiyo si geni, na dawa yake inajulikana kwa kila fundi anayesoma. Hapakuwa na fundi. Ikabidi kibali kichapishwe kutoka kompyuta ya afisa mwenyewe, na neno lake la siri likatajwa kwa simu, spika ikiwa wazi, masjala nzima tukilisikia. Baada ya yale yote tuliyoambiwa kuhusu usalama! Nalikumbuka mpaka leo. Mwambieni alibadilishe.

Basi kibali kikatoka, safi, wino umekolea. Kinaniruhusu kusafirisha nyanya ambazo tayari nilikuwa nimezimwaga.

Mnunuzi wangu amehamia kwa mtu mwingine. Dereva amenidai pesa za kungoja, na ni haki yake. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu na miche ya parachichi sijui aliishia wapi. Lakini ninayemwandikia ni mwenye geti, na getini kwake zilioza nyanya, kwa hiyo narudi kwenye nyanya. Hazikuozeshwa na mvua wala na barabara. Mdudu kanitangaze hakuzigusa. Ziliozeshwa na mpango wa kuunganisha mashine, uliowekwa siku moja na mtu aliyekuwa na haraka, na hakuna aliyerudi kuuangalia.

Tuna Sheria ya Serikali Mtandao tangu mwaka 2019. Tunajaza fomu mtandaoni, tunalipa mtandaoni, tunapewa ujumbe wa pongezi mtandaoni. Kisha mwananchi anafika mwisho wa safari hiyo na kukuta huduma nzima inaning'inia kwenye waya wa USB uliopenya ukutani. Na msidhani ni kwenu tu. Ingia ofisi nyingi za umma uulize kwa nini hawachapishi. Utaambiwa fulani hajafika, fulani yuko likizo, fulani kafiwa. Tumewekeza kwenye mifumo, ila kinachotoa huduma bado ni fulani. Fulani asipokuwepo, mlipa ada akakae kivulini, kama kipo.

Ninachodai hakihitaji bajeti mpya. Ng'oeni kile kiplastiki. Vuteni waya wa mtandao kutoka swichi, ambayo iko ukutani hapo hapo masjala, nimeiona. Printa ipewe anwani ya IP isiyobadilika, au ruta iagizwe kuitengea anwani yake. Ikiachwa ijichukulie, umeme ukikatika na kurudi inaweza kupata nyingine, na kompyuta zitabaki kuitafuta kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyeji alikwishahama. Afisa TEHAMA aje mara moja, kwa gari la ofisi, aweke draiva kwenye kila kompyuta na kuielekeza kwenye anwani hiyo. Anwani iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe juu ya printa. Ni kazi ya asubuhi moja, na chai atakunywa.

Kisha fanyeni jaribio, mkitualika wafanyabiashara tushuhudie. Afisa mwenye printa azime kompyuta yake, afunge chumba chake, aondoke na ufunguo. Kijana wa masjala achapishe kibali.

Hesabu ya matenga yaliyomwagwa na madai ya dereva vimo kwenye nakala niliyoikabidhi masjala, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nadai fidia, na nadai jibu la maandishi. Mkiandika kwa mkono nitalipokea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa nyanya, Ngarenanyuki