Walinzi Hawateuliwi kwa Urefu wa Mikono

Mwaka 1996 Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Kanada, alipoteuliwa wa 8 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa futiboli ya Kimarekani, akachukuliwa na Carolina Panthers kwa sifa ya mbio zake, ni wachache miongoni mwetu waliojishughulisha kuuliza habari za Jonathan Ogden, jitu la watu lililotwaliwa wa 4 siku ile ile na Baltimore Ravens, ambalo kazi yake haikuwa kukimbia na mpira wala kuudaka, bali kumkinga mrushaji asifikiwe na adui. Ndugu yetu aliandamwa na majeraha, akaacha mchezo baada ya misimu 6. Ogden alidumu misimu 12, na mwaka 2013 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa.

Msomaji wa Kamituga hahitaji sherehe ndefu ili aifahamu kazi hiyo. Katika machimbo yetu mpasua mwamba husifiwa na mwenye shimo huogopwa, ilhali boiseur, yule anayesimamisha magogo ya kuzuia udongo usiwafunike wenziwe, aghalabu hatajwi ila siku gogo linapovunjika. Na walinzi watano wa safu ya mbele hali yao ni hiyo hiyo.

Taabu huja pale klabu inapopaswa kuchagua baina ya walinzi wawili ambao wote ni hodari. Uteuzi wa 2021 ulikuwa mtihani wa namna hiyo, na mgumu zaidi kwa kuwa Penei Sewell wa Oregon na Rashawn Slater wa Northwestern walikuwa wamejitoa msimu mzima wa 2020 kwa sababu ya korona, hata waamuzi hawakuwa na picha mpya kuliko za 2019. Cincinnati, wenye zamu ya 5, walimwacha Sewell, ingawa mrushaji wao Joe Burrow alikuwa ndiyo kwanza anauguza goti, wakamtwaa Ja'Marr Chase, mdakaji aliyecheza na Burrow chuoni. Kwa insafu ni lazima tuseme kwamba bila Chase pengine wasingefika fainali ya Februari 2022. Lakini katika fainali hiyo hiyo Burrow aliangushwa mara 7, na Los Angeles Rams wakashinda 23 kwa 20.

Sewell alikwenda Detroit, wa 7 (si machimbo yetu yenye jina hilo, bali mji wa Michigan). Slater alingoja hadi zamu ya 13, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa mikono yake, iliyopimwa inchi 33, kwa maana wapimaji wana mazoea ya kumtaka mlinzi wa ukingoni awe na inchi 34, na aliyepungukiwa humwambia ahamie ndani ya safu. Hoja hii mimi siikubali. Joe Thomas, aliyeteuliwa wa 3 na Cleveland mwaka 2007 huku mwenyewe yuko ziwani akivua samaki na baba yake, alikuwa na mikono ya inchi 32 na nusu, naye mpira ulianzishwa mara 10,363 mfululizo bila yeye kutoka uwanjani. Utepe wa fundi cherehani haukuyaona hayo. Picha za Slater, kinyume chake, zilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: mwaka 2019 alisimama mbele ya Chase Young wa Ohio State, aliyekuwa tishio la vyuo vyote, na Young hakumpita hata mara moja kumwangusha mrushaji. Los Angeles Chargers walimweka ukingoni kushoto, na mwaka wake wa kwanza tu akachaguliwa katika Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi.

Carolina walikuwa na zamu ya 8 wakampita Slater, wakamtwaa mlinzi wa nyuma, Jaycee Horn; mwaka uliofuata iliwabidi watoe zamu ya 6 kwa ajili ya Ikem Ekwonu, wapate wa kusimama mahali pale pale.

Ama mimi, lau ningeulizwa katika chumba cha Detroit, ningemtwaa Sewell, kama walivyofanya wao, kwa kuwa alikuwa na miaka 20 tu na miguu yake ilikuwa myepesi kupita kiasi cha mwili ule. Lakini ningemtwaa baada ya kutazama picha usiku kucha, na mwenye utepe ningemwambia akangoje nje.