Fedha za Punju Zifike Ukongoroni

Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe, kuanzia Shangani mpaka Hurumzi, utaviona vibao vya kampuni za utalii vimeegemezwa ukutani, na orodha zake hazitofautiani sana: mashamba ya viungo, kobe wa Changuu, pomboo wa Kizimkazi, msitu wa Jozani. Siku hizi juu kabisa ya orodha kuna safari moja iliyo ghali kuliko zote. Mgeni huchukuliwa alfajiri kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, akarushwa kwa ndege ndogo hadi Hifadhi ya Nyerere au Mikumi, akaoneshwa tembo, twiga na simba, na jioni akarudishwa hotelini kwake Unguja. Jozani iko chini, nusu siku, mara nyingi imebanwa katikati ya viungo na chakula cha mchana huko Paje.

Safari ya Nyerere haina ubaya. Hifadhi ile ya kilomita za mraba zaidi ya 30,000, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, inastahili kila mgeni anayeifikia. Kiingilio chake kinakwenda TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Bara, na ndivyo ipasavyo. Lakini misitu na wanyamapori si mambo ya Muungano. Zanzibar ina hifadhi yake ya kulea kwa mapato yake yenyewe, na ndani yake yumo mnyama ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Simba anaonekana kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini. Kima punju yupo Unguja, na wachache waliohamishiwa Pemba. Basi kisiwa kinachopokea wageni zaidi ya laki saba kwa mwaka, kama ilivyokuwa 2024, kinamuuza mnyama wake wa pekee kama kituo cha kunyoosha miguu. Nadhani hilo linatugharimu, na wanaolilipia zaidi ni watu ambao mgeni wa nusu siku hawaoni kabisa.

Punju ni mnyama wa kutazamwa kwa utulivu. Mgongo wake una wekundu wa kutu, uso mweusi umezungukwa na manyoya meupe marefu yaliyosimama, na midomo yake ina rangi ya waridi. Mkono wake una vidole vinne. Gumba limebaki kinundu tu. Katika mashamba yaliyo kusini mwa msitu hula majani ya mkungu na ya mwembe, ambayo yana kemikali zinazovuruga mmeng'enyo. Akishashiba hushuka hadi kwenye kisiki kilichoungua au mahali palipochomwa tanuri la makaa, akaokota kipande cha kaa, akakaa nacho na kukitafuna taratibu mpaka midomo ikawa myeusi. Watafiti walioandika juu ya tabia hiyo mwaka 1997 walieleza kuwa makaa hufyonza zile kemikali, na hivyo punju huweza kula majani ambayo wanyama wengine huyaacha. Mtembeza wageni anayeujua msitu atakuonesha haya akipewa muda. Akipewa dakika arobaini, dereva akimsubiri langoni gari likiunguruma, ataonesha kundi lililo karibu na barabara, picha zitapigwa, na basi.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba 50 hivi, ilitangazwa mwaka 2004, na hadi leo ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Ina mitondoo mirefu inayosimama kwenye maji yanayopanda kutoka ardhini wakati wa masika, ina mikoko ya Pete, na ina uwanda wa mawe unaokwenda mpaka ghuba. Wamo kima weusi, komba wa usiku, na paa nunga, mnyama mdogo ambaye kumwona ni bahati kubwa.

Msitu huu haukuokolewa na tangazo la serikali peke yake. Miaka ya tisini wakulima wa jirani walikuwa na malalamiko makubwa. Punju walihamia kwenye mashamba, wakala vidaka na vitale vya minazi, na mkulima alihesabu kila kidaka kilichoanguka kama nazi aliyoibiwa. Mradi wa uhifadhi ulioanza mwaka 1995, serikali ikishirikiana na shirika la CARE, uliwakuta watu wenye hasira, na jibu lililopatikana lilikuwa la busara: sehemu ya kiingilio cha wageni iwafikie wakulima wenye mashamba wanamokula punju, kupitia umoja wao wa UWEMAJO, na sehemu nyingine iende kwenye miradi ya vijiji vinavyouzunguka msitu, vyenye wawakilishi katika jumuiya ya JECA. Mkulima aliyekuwa akimfukuza punju kwa mawe akapata sababu ya kumwacha.

Kisha likaja jambo ambalo hadi leo hutumiwa kuwanyima wakulima haki yao. Mwaka 1999 Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichapisha utafiti uliopima minazi inayoliwa na punju, wakakuta kwamba palipoliwa vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua. Yalielekea kuwa mazuri zaidi. Mnazi hudondosha vidaka vingi kwa asili yake, na kupunguzwa mapema huenda kunavinufaisha vinavyobaki. Nimewasikia watu wenye elimu yao wakisema: kama hakuna hasara, fidia ya nini? Wanakosea. Nazi ni sehemu moja tu ya hesabu. Shamba lenye punju halifyekwi kwa uhuru, mti wake haukatwi hovyo, na mwenye shamba anakuwa mlinzi wa mali ya taifa bila mshahara. Anacholipwa ni ujira wa ulinzi, hata kama karatasi inakiita fidia.

Mwenye kutaka kujua mnyama huishia wapi akishachukiwa na majirani zake amtazame chui wa Unguja. Kwa miaka mingi vijijini iliaminika kwamba chui hufugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ukaendeshwa msako mkubwa wa kumwangamiza, ukiongozwa na mganga maarufu, Kitanzi. Kufikia miaka ya tisini watafiti walikuwa wamekata tamaa ya kumpata, na picha ya kamera iliyooneshwa kwenye televisheni mwaka 2018 haijabadilisha hali hiyo. Huyo naye alikuwa chui wa Unguja tu. Leo angekuwa mnyama wa kwanza kwenye kila kibao cha Shangani. Hakuna mtu aliyewahi kulipwa hata senti kwa kuishi jirani naye.

Punju amepata bahati nzuri zaidi. Hesabu iliyofanywa chini ya shirika la WCS na kuchapishwa miaka michache iliyopita ilikuta punju 5,862, zaidi ya mara tatu ya makisio ya awali. Habari hiyo ilipokelewa kwa furaha, nami niliifurahia. Lakini ndani yake limo jambo zito: punju wasio wachache wako nje ya mipaka ya hifadhi, kwenye vichaka vya vijiji na mashamba ya watu ambao hawajawahi kumwona mgeni akishuka garini. Utaratibu wa malipo uliwekwa kwa kuwafikiria majirani wa Jozani. Wanyama wenyewe wameenea kuliko utaratibu.

Hata miongoni mwa majirani wa hifadhi, faida na mzigo havikukaa pamoja. Lango liko kando ya barabara kuu ya kusini, karibu na Pete na Kitogani. Hapo ndipo ziliko ajira za kutembeza wageni, bakshishi, maduka ya mikeka na vikapu, na daraja la mbao linalopita kwenye mikoko. Ukiingia ndani zaidi, upande wa mashariki, utafika Charawe na Ukongoroni. Kwa vizazi vijiji hivi vimeupelekea mji kuni, makaa, miti ya kujengea na chokaa. Ardhi yao ni mawe. Muhogo wenyewe hupandwa kwenye vishimo vyenye udongo kidogo. Mipaka ilipowekwa, wao ndio walioambiwa wapunguze kukata. Kijiji kinaweza kupata fungu lake la mradi, darasa au bomba la maji, na hilo ni jema. Ila mkata kuni hana shamba lenye minazi la kufidiwa, wala mama aokotaye kuni za kupikia hana kadi ya chama cha wakulima. Aliyepoteza zaidi ndiye ambaye daftari halina safu yake.

Najua wizarani na kwenye ofisi za utalii kuna majibu ya haraka. La kwanza ni kwamba serikali ina mahitaji mengi na haiwezi kugawa kila shilingi ya kiingilio. Hilo ni kweli, na hakuna anayeomba kila shilingi. Uganda imeweka kwenye sheria kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi iende kwa jamii zinazozizunguka, na Rwanda mwaka 2017 ilipandisha fungu la jamii kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi, mwaka uleule ilipopandisha kibali cha kuona sokwe wa milimani hadi dola 1,500. Serikali hizo hazikufilisika. Zilichopata ni kiwango kinachojulikana na kila mtu, ambacho mwanakijiji anaweza kukidai akiwa amesimama mkutanoni.

La pili ni kwamba bei ikipanda wageni watakimbia. Wa nusu siku huenda wakapungua, na sioni msiba hapo. Jozani haihitaji watu wengi zaidi kwenye njia ileile. Sokwe wa Uganda hutembelewa na watu wanane kwa kundi, kwa saa moja, na mgeni hukaa umbali uliowekwa kwa sababu mafua ya binadamu yanaweza kuua familia nzima ya wanyama. Punju naye ni kima, mapafu yake hayana kinga zaidi. Hata hivyo kundi la karibu na lango limezoea watu kiasi kwamba mgeni humsogelea punju mpaka simu inakaribia kugusa manyoya, na mtembeza wageni, ambaye bakshishi yake inategemea picha ile, huona taabu kumkataza. Kizimkazi ilipitia njia hii. Zamani pomboo waliwindwa kwa ajili ya chambo cha papa. Utalii ulioanza mwanzoni mwa miaka ya tisini uliwapa thamani wakiwa hai, halafu mashua zikaongezeka mpaka mama na mtoto wake hawapati nafasi ya kupumzika. Tulimwokoa pomboo kutoka kwenye mkuki tukamchosha kwa injini.

Na barabara ileile inayoleta wageni hukata makazi ya punju katikati. Matuta yaliyowekwa hapo Jozani yamepunguza vifo vyao, hayakuvimaliza, na gari zinazokimbizana na ratiba ya nusu siku ni sehemu ya tatizo hilo.

Kwamba Unguja inaweza kufanya vinginevyo, Chumbe imekwisha kuonesha. Kisiwa kile kidogo kusini mwa mji kilitangazwa kuwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994. Nyumba za wageni ni saba tu, waliokuwa wavuvi walifunzwa wakawa walinzi wa miamba, na mapato ya wageni wachache wanaolipa vizuri huwapeleka watoto wa skuli za Zanzibar kuona matumbawe ya kwao. Paa nunga walipelekwa huko wakaishi. Jozani ni pakubwa na ni pa umma, kwa hiyo haiwezi kuiga kila kitu. Inaweza kuiga uamuzi wa kuuza muda badala ya kuuza msongamano.

Siku nzima ya Jozani ipo tayari, kinachosubiriwa ni mtu wa kuiuza. Asubuhi ni ya punju kabla jua halijakaza. Maji yakijaa ni wakati wa mikoko. Mchana mgeni anakula Charawe, samaki wa ghuba na muhogo wa nazi, akamwona mama anavyosuka ukindu, na anayelipwa ni mama mwenyewe. Jioni anatembea Ukongoroni na kijana wa hapohapo, akitafuta macho ya komba kwa tochi. Vijana wa vijiji hivi wanaijua kila njia ya msitu, wengine kwa sababu walikuwa wakibeba kuni humo tangu wadogo. Wafunzwe lugha na huduma ya kwanza, wapewe kitambulisho rasmi, na sharti liwe kwamba kundi linaloingia upande wa mashariki haliingii bila wao.

Kuhusu fedha, naomba mambo mawili, na yote yanawezekana bila sheria mpya ngumu. Fungu la jamii litajwe kwa asilimia, na kila robo mwaka kiasi kilichokusanywa langoni na kilichogawiwa kila shehia kibandikwe ofisini kwa sheha, kwa maandishi makubwa. Pia kiundwe kifungu cha malipo kwa waliozuiwa kukata miti, kwa kaya, bila kumuuliza mtu kama ana shamba, kianzie Charawe na Ukongoroni kisha kifuate punju popote hesabu inapowaonesha. Watu wa uwanda wameshaahidiwa mengi. Mradi wa HIMA ulioanza 2010 uliwapa mikataba ya kusimamia misitu yao, lakini fedha za hewa ya ukaa hazikuja kama walivyotumaini. Hawatasadiki hotuba nyingine. Watasadiki malipo ya robo ya kwanza, yakiwa na risiti.