Konea ya Maabara na Macho ya Kikopey

Kikopey, karibu na mji wa Gilgil, husifika kwa nyama choma. Hapo kando ya barabara ya Nairobi–Nakuru, hata hivyo, kuna vumbi, moshi wa makaa na cheche zinazotafuta macho. Chembe ikikwaruza konea, utando angavu wa mbele ya jicho, kuvu au bakteria huweza kuingia na kusababisha kidonda. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe linaloziba nuru.

Kovu kubwa huhitaji kupandikizwa konea ya marehemu, nazo ni haba mno.

Ndiyo maana habari za Agosti 2022 zilistahili kusomwa hata Gilgil. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, walitengeneza kipandikizi kwa kolajeni ya ngozi ya nguruwe, masalio ya viwanda vya chakula, na kikawekwa kwa wagonjwa 20 nchini India na Iran. Kumi na wanne walikuwa vipofu; baada ya miaka miwili hakuna aliyebaki kipofu. Ugonjwa wao, lakini, ulikuwa konea iliyopungua unene, si vidonda, kwa hiyo vigelegele vingoje.

Serikali izipe maabara za vyuo vikuu vyetu fedha za kujaribu kipandikizi kama hicho kwa makovu ya vidonda. Nayo kaunti ya Nakuru isisubiri: natamaisini, dawa ya kuvu iliyoingia orodha ya dawa muhimu ya WHO mwaka 2017, ipatikane katika hospitali zake sasa.