Kompyuta ya zamani imewaka, betri yake kuukuu iko wapi?

Kompyuta ya mezani iliyokaa kabatini miaka kadhaa haikosi siku yake ya kukumbukwa. Kijana amefika kidato cha tatu, anataka kujifunza kuchapa. Au mama mwenye duka Sirari amechoka na madaftari, anataka hesabu zake zikae mahali pamoja. Baba anaitoa, anaipangusa, anaichomeka. Haiwaki.

Mara nyingi mashine ya namna hiyo haijafa. Kabla ya kuipakia kwenye bodaboda kwenda kwa fundi Tarime mjini au Mugumu, yapo mambo machache ambayo mzazi anaweza kujaribu nyumbani.

La kwanza ni umeme. Jaribu soketi kwa chaja ya simu, kisha badilisha waya wa kompyuta. Angalia pia swichi ndogo iliyo nyuma ya mashine, huenda mtoto aliizima bila mtu kujua.

La pili ni vumbi, ambalo wakati wa kiangazi halibishi hodi. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki upungue, ndipo ufungue ubavu wa kasha. Safisha kwa brashi laini na kavu, hasa kwenye feni. Chomoa ramu, ile kadi nyembamba ya kumbukumbu, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, kisha irudishe mpaka ibane vizuri. Lile boksi la chuma linalopokea umeme, pawa saplai, usilifungue kabisa. Hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

La tatu ni betri. Kwenye bodi kuu kuna betri ya duara inayong'aa kama sarafu, mara nyingi imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuitunzia mashine saa na mipangilio inapokuwa imezimwa. Ikiisha, kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma, au huganda kwenye skrini nyeusi ikitaka ubonyeze F1. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache: sukuma kishikizo chake, itoe, weka mpya ya namba ileile, kisha rekebisha tarehe.

Skrini inawaka, nyumba nzima inasogea kuangalia. Betri kuukuu imebaki mezani kando ya bisibisi, mahali ambapo mkono wa mtoto wa miaka miwili unafika.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapogeuka kuwa suala la afya. Betri hiyo ina upana wa milimita 20, kipimo kinachoweza kukwama kwenye umio, njia ya chakula ya mtoto mdogo. Ikikwama, umeme wake hupita kwenye unyevu wa mwili na kutengeneza kemikali kali inayounguza nyama. Ndani ya saa mbili tu madhara yanaweza kuwa makubwa, hata umio kutoboka baadaye.

Ni rahisi kudhani kuwa betri iliyoisha haina nguvu. Iliyoshindwa kutunza saa ya kompyuta bado inaweza kuwa na umeme wa kutosha kumuunguza mtoto.

Dalili zake hudanganya. Mtoto anaweza kutokwa na mate mengi, kukataa kula, kukohoa, kutapika au kukwaruza sauti, na mzazi akadhani ni mafua. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Kwa hiyo ukishuku tu kwamba mtoto amemeza betri, usisubiri dalili wala usingoje aitoe chooni. Usimtapishe, na usimpe chakula au maji.

Mpeleke mara moja hospitali yenye eksirei. Kwa familia zilizo mbali na mji hili lina uzito wake, kwa kuwa zahanati ya kijiji haina kipimo hicho. Mmoja aandae usafiri, mwingine apige simu kuuliza eksirei ya karibu inayofanya kazi. Ukifika, sema wazi: "Huenda ni betri." Kwenye picha betri inaweza kudhaniwa ni sarafu, na sarafu haina haraka ileile. Beba betri inayofanana nayo, au pakiti yake. Kuitoa huhitaji vifaa maalumu, hivyo jiandae kwa rufaa, pengine hadi Bugando, Mwanza.

Asali inaweza kusaidia njiani. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, mpe vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi vipimo sita. Asali hupunguza kuungua, lakini haiitoi betri. Kama haipo nyumbani, usipoteze muda kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe.

Betri ikiwa imeingia puani au sikioni, usiichokonoe wala kudondoshea matone. Nenda hospitali kwa haraka ileile.

Kinga yake ni rahisi kuliko kutengeneza kompyuta. Fanya kazi hiyo watoto wadogo wakiwa wamelala au wako kwa bibi. Ikitoka tu, ifunge betri kuukuu kwa selotepu pande zote mbili, iweke juu kabisa, kisha mpe fundi. Usiitupe uani wala kwenye moto. Kagua pia rimoti ndogo, mizani na midoli yenye taa, kwani betri za aina hii zimo humo.

Kabla hujafurahia skrini, fanya hesabu fupi: betri moja imeingia, moja imetoka. Ile iliyotoka iko wapi?