Simu ni Mjumbe, si Kadhi

Zamani mwanamke wa pwani aliyeachwa aliijua hali yake kwa njia mbili: ama alitamkiwa mbele ya watu, ama aliletewa karatasi yake. Karatasi hiyo, hata ikiwa mwandiko wake ni mbaya, aliikunja akaiweka kashani pamoja na dhahabu zake, kwani ndiyo iliyomfungulia mlango wa kuolewa tena. Siku hizi talaka huingia kwa simu, pengine usiku wa manane, kwa maneno machache, na kufikia alfajiri aliyeyatuma amekwisha kuyafuta.

Jambo hili linazungumzwa sana, barazani kwa wanaume na shughulini kwa wanawake. Wako wasemao kuwa talaka ya simu ni mchezo, haihesabiki. Wako wasemao kuwa neno likishatoka limetoka, hata likichukuliwa na njiwa. Ndugu msomaji, kila upande una sehemu ya haki, lakini pande zote mbili humsahau yule anayeumia.

Kwanza tukumbuke kuwa kuacha kwa mbali si uzushi wa leo. Mabaharia na watu waliokwenda Arabuni kutafuta riziki walikuwa wakituma barua, na wanazuoni walilizungumza jambo hilo karne nyingi kabla ya simu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuyafuatayo wengi wetu hapa pwani, talaka iliyoandikwa tu bila ya kutamkwa huhesabiwa kuwa ni kinaya: haipiti mpaka mwandishi awe amenuia kuacha. Kwa hivyo kadhi akiletewa ujumbe wa simu hana budi kuuliza mawili: ni nani aliyeandika, na alinuia nini? Simu huweza kushikwa na ndugu, na rafiki, hata na mke mwenza. Sauti iliyorekodiwa ina hukumu nyingine, kwani hapo mume ametamka kwa kinywa chake. Linalobaki ni kuthibitisha kuwa sauti ni yake.

Lakini swali zito kuliko hayo ni la tarehe. Eda huanza siku talaka ilipotolewa, si siku mke alipopata habari. Ujumbe uliotumwa kwa simu iliyozimwa, ukasomwa baada ya wiki tatu, umekwisha kula sehemu ya eda ya mtu asiyejua kuwa yumo edani. Na humo ndani ya eda ya talaka rejea mna haki kubwa: chakula na makazi ya mke, rukhsa ya mume kumrejea, na mirathi mmoja wao akifariki.

Tuchukue mfano. Bibi mmoja anakaa Majengo, Mombasa, na mumewe yuko Doha kwa kazi. Mwezi wa Rajabu wanagombana, bwana anaandika talaka moja. Baada ya siku kumi hasira zimeshuka, anapiga simu na kusema, "Nimekurejea, mama watoto." Hapana aliyesikia ila wao wawili. Mfungo mosi bwana anapata ajali na kufariki. Ndugu zake wanaufungua ule ujumbe wa Rajabu na kusema, "Shemeji, wewe ulikwisha kuachwa, huna lako hapa." Bibi yule ashike nini mkononi? Talaka iliandikwa, rejea haikuandikwa. Hapo ndipo upesi wa simu unapogeuka hasara ya nyumba nzima.

Nchi nyingine zimekwisha kulikabili jambo hili. Nchini Malaysia, mwaka 2003, mahakama moja ya sheria ya Kiislamu ilikubali talaka iliyotumwa kwa ujumbe wa simu, na kelele zikawa nyingi, kwani sheria ya huko inamtaka mume aende mahakamani kwanza, na anayetamka talaka nje bila idhini huadhibiwa. Nchini India, Mahakama Kuu ya nchi iliibatilisha talaka tatu za mara moja mwezi wa Agosti 2017, na sheria ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa kosa, iwe kwa mdomo, kwa maandishi au kwa simu, na kifungo chake huweza kufika miaka mitatu. Saudi Arabia nayo ilipita njia nyingine: tangu Januari 2019 mahakama ndiyo inayompelekea mwanamke ujumbe wa simu kumjulisha kuwa hati ya talaka yake imetolewa, ili asiachwe kwa siri. Simu ni ile ile. Kilichobadilika ni aliyeituma: kule mume peke yake na hasira zake, huku mahakama na daftari lake.

Waswahili wenzetu walioko Uingereza wana mtihani wa namna yao. Huko, tangu mwaka 2018, mtu huweza kuomba talaka ya serikali kwa mtandao akiwa kitandani kwake, na tangu Aprili 2022 halazimiki hata kueleza kosa la mwenzake. Hati hiyo huimaliza ndoa ya serikali. Lakini ikiwa mume hajatamka talaka, wala mke hajapata khului au faskhi, wanazuoni wengi humhesabu bado yumo katika nikaha. Hivyo huonekana mwanamke aliyeachika kwa Mfalme, na mbele ya watu wa msikiti wake ni mke wa mtu.

Hapa kwetu Kenya mlango uko wazi, ila wengi hawaupiti. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi uwezo juu ya ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na wakakubali kuhukumiwa huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kuwa kuvunjika kwa ndoa ya Kiislamu kutafuata sheria ya Kiislamu. Na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa akiivunja ndoa, nakala iliyothibitishwa ipelekwe kwa Msajili. Kwa maneno mengine, talaka iliyobaki ndani ya simu, hata kama imepita kwa sheria ya dini, bado haijaingia katika daftari la nchi.

Na wanawake wasidhani kuwa mahakama ni ya wenye mashahidi wengi tu. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 inaamuru kila shahidi asikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na ukweli upimwe kwa uzito wa ushahidi, si kwa idadi ya mashahidi. Basi bibi aliyeletewa ujumbe asiufute kwa uchungu. Auhifadhi pamoja na tarehe na saa yake, awaonyeshe wazazi au walii wake, kisha aende kwa kadhi.

Mtandao wenyewe si adui. Mahakama za Kenya zilianza kusikiliza kesi kwa video mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, na mwezi wa Machi 2024 utaratibu wa kupeleka kesi kwa mtandao ulienezwa nchini kote. Hii ni rehema kwa mke aliyetelekezwa bila matumizi na anataka faskhi, au kwa binti yetu aliye kazini Arabuni na mumewe yuko nyumbani Malindi. Ila tutenganishe mahakama na duka. Wako wauzao fomu za talaka kwa mtandao, ulipe kwa simu na upate karatasi yenye mapambo. Karatasi hiyo haina kadhi, haina suluhu, na haimuulizi mume juu ya mahari iliyobaki wala malezi ya watoto.

Sura ya Nisaa imetufunza kuteua mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke kabla ya mambo kuharibika, na Sura ya Talaka imetaja mashahidi wawili waadilifu. Mafunzo hayo yanataka watu wakutane na wasikilizane, jambo ambalo ujumbe wa usiku hauwezi kulifanya.

Anayetaka kuacha na aache kwa wema, kwani ni haki yake. Lakini aliyeoa mchana, kwa walii, mashahidi na halua, asiache usiku kwa kidole. Aiandike talaka, aiweke tarehe, ashuhudishe na aipeleke kwa kadhi, ili binti wa watu apate karatasi yake ya kuweka kashani.