Usahaulifu si Uchawi

Wahenga walinena, "Penye wazee hapaharibiki neno." Lakini mzee mwenyewe aharibikiwapo na kumbukumbu, sisi tuliolelewa kwa shauri lake humtendea nini? Katika nchi yetu ya chai, tangu Kericho hadi Bomet, nimesikia majibu mawili. Mmoja husema, "Uzee tu huo, mwacheni." Mwingine hunong'ona, "Karogwa," au neno baya zaidi, "Ni mchawi." Yote mawili ni majibu ya uvivu, nami nayapinga.

Kusahau kidogo ni ada ya uzee. Bibi asahauye alipoliweka kapu lake la kuchumia chai, kisha akakumbuka, si mgonjwa. Lakini yule apoteaye njia baina ya shamba lake na nyumba yake, au asiyejua tena kapu ni la kazi gani, yamkini ana maradhi ya ubongo. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mwanamke aliyekufa baada ya kupotewa na kumbukumbu: ubongo wake, ulipotazamwa kwa darubini, ulionekana umeharibika. Haukurogwa, uliugua.

Mtu ataniuliza, "Ikiwa dawa ya kuuponya ugonjwa huo haipo, maneno haya yana faida gani?" Faida ipo. Ni kweli kwamba hatari huzidi kadiri miaka izidivyo. Walakini mwaka 2024 wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walikadiria kwamba karibu nusu ya maradhi haya ulimwenguni yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, lau yangeondolewa mambo kama shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, ulevi, uziwi usiotibiwa, upweke na kukosa elimu utotoni. Basi amnyimaye binti yake shule leo humpunguzia akiba ya akili ya uzeeni.

Tena uvivu wa kufikiri huua. Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, si mbali na kwetu, wanawake wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Bikizee atangatangaye usiku bila kujua aliko huangukiwa upesi na shuku kama hiyo.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima. Lakini katiba haimshiki mtu mkono kumpeleka zahanati. Kazi hiyo ni yenu, vijana. Mpelekeni akapimwe damu, macho na masikio. Kisha rudini naye nyumbani, mketi, mzungumze naye.