Mashine mpya Katwe: Nani anakagua usalama?

Mfanyabiashara anayevuka Malaba au Busia kwenda Kampala anaijua Katwe: nyundo, cheche na mafundi wanaounda mageti, majiko na mashine za kusaga. Sasa kazi ya chuma inaelekea kwenye mashine za kukatia kwa plasma na leza. Kwa maoni yangu, swali la kwanza si bei yake bali usalama wake.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inataka karakana isajiliwe na inampa mkaguzi wa serikali uwezo wa kuingia na kukagua. Aidha, Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) linataka bidhaa nyingi zikaguliwe kabla ya kusafirishwa kuingia nchini.

Lakini cheti cha bidhaa hakikagui karakana. Hakioni waya wa umeme uliochubuka, wala kijana anayekata mabati huku akivuta moshi wa zinki katika chumba kisicho na dirisha.

Hatari nazo hazifanani. Mwanga wa plasma huunguza macho, lakini fundi anauona. Mwale wa leza ya kukatia chuma hauonekani, na miwani myeusi ya kuchomelea si kinga yake.

Hivyo basi, wewe unayerejea nyumbani na mtaji wa karakana, kumbuka kwamba ukishaajiri kijana, wajibu wa kumlinda ni wako. Uliza kwanza kifuniko cha mwale na miwani ya leza, ndipo ujadili bei. Usimngoje mkaguzi, jicho halina spea.